Uwanjani nilikuwa nafundisha, darasani nilikuwa nahutubia: uzi wa mwalimu wa mazoezi, Mwanza

MLETA MADA

Wanajukwaa, salaam.

Nimemaliza hivi karibuni mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ya kutwa hapa Mwanza, ambayo sitaitaja jina kwa sababu walimu wake walinipokea kama ndugu na sipendi wajikute kwenye mjadala ambao hawakuuomba. Masomo yangu ni Hisabati na Fizikia. Siku ya pili baada ya kuripoti, mkuu wa shule aliniuliza kama nimewahi kukimbia, nami kwa kutaka kuonekana mtu wa kufaa nikajibu kwamba nilikimbia mita 800 nilipokuwa kidato cha tatu. Basi jioni ile ile nikajikuta msaidizi wa mwalimu wa michezo, filimbi shingoni, mbele ya watoto thelathini na wachache waliokuwa wakijiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya kata. Wanafunzi walicheka sana, wakisema mwalimu wa mazoezi amepewa mazoezi.

Ninaandika kwa sababu ya jambo moja lililoninyima usingizi kwa muda wote niliokaa pale. Watoto walewale walionielewa saa kumi na moja jioni hawakunielewa saa tatu asubuhi. Mwanzoni nilidhani ni uchovu, au njaa, au ile kawaida ya kusema kwamba wapenda michezo si wapenda vitabu. Nilichelewa kukubali kwamba aliyebadilika kati ya asubuhi na jioni nilikuwa mimi.

Nianze na uwanja. Shule ipo mlimani, kama zilivyo shule nyingi za jiji hili, na uwanja wake umebanwa: upande mmoja kuna miamba ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, upande wa pili kuna mteremko unaoishia barabarani. Uwanja rasmi wa riadha una mzunguko wa mita 400, lakini sisi nafasi yetu ilitosha mita 200 tu. Ilikuwa masika, kwa hiyo mistari ya majivu tuliyochora Jumatatu ilikuwa imeoshwa na mvua kufikia Jumanne, mpaka mwalimu wa michezo akaamua tupange vijiwe badala ya majivu. Mawe Mwanza hayanunuliwi.

Siku ya kupanga mahali pa kuanzia mbio za mita 200, mwalimu huyo, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliniagiza nisogeze mwanzo wa njia ya pili mbele kwa mita 7.67, kisha wa njia ya tatu kwa kiasi hicho hicho tena, na wa njia ya nne vivyo hivyo. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye alipangiwa njia ya kwanza, akapinga papo hapo. Alisema hizo ni hesabu za uwanja mkubwa. Uwanja wetu ni nusu yake, basi na hiyo nafasi wanayopewa wenzake iwe nusu, la sivyo yeye anaonewa. Wenzake wakamuunga mkono. Nitasema ukweli, ingawa ni aibu kwa mtu anayesomea kufundisha Hisabati: hata mimi niliona binti ana hoja. Mwalimu wa michezo hakubishana. Akatupa kamba ya katani, akasema, "Pimeni."

Tukapima. Tulizungusha kamba kwenye njia ya kwanza na kuishikiza kwa vijiwe, tukaizungusha kwenye ya pili, na tofauti ikatoka mita saba na nusu na ushee. Tukarudia mara mbili kwa sababu hakuna aliyeamini. Usiku, kwenye chumba nilichopanga Buhongwa, nilikaa na karatasi nikaona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo: mzingo ni mara mbili ya pai kuzidisha nusu kipenyo, kwa hiyo ukiongeza nusu kipenyo kwa mita 1.22, ambao ndio upana wa njia moja, mzingo unaongezeka kwa mita 7.67, na ule ukubwa wa mwanzo wa duara unajifuta wenyewe kwenye hesabu. Uwanja ukiwa mdogo kama wetu, au ukichora duara la kuzunguka kisiwa kizima cha Ukerewe, tofauti ya njia mbili zilizopakana ni ile ile.

Sasa lililonishtua ni hili. Mzingo wa duara nilikuwa nimekwisha kuufundisha darasa la binti huyo wiki moja kabla. Andalio la somo lilikuwa safi, ubao ulipangika, na mwalimu mlezi alinisifu kwa mwandiko. Binti alikaa dawati la tatu karibu na dirisha, hakuuliza neno, na katika jaribio la Ijumaa alipata alama mbili kati ya kumi. Yule yule aliyesimama mbele ya watu thelathini akajenga hoja kuhusu nusu kipenyo bila kulitaja neno lenyewe.

Nitaendelea. Karibuni kwa michango.

MSTAAFU WA CHAKI

Mwanangu mwalimu, hongera kwa kueleza jambo bila kujipamba. Nimefundisha miaka mingi kabla ya kustaafu na nina swali moja ambalo nadhani unalizunguka. Uwanjani mlizungumza lugha gani, na darasani lugha gani? Ukijibu hilo, nusu ya fumbo lako imekwisha. Lakini nakuonya mapema: mtihani wa kidato cha nne wa somo lako hauji kwa Kiswahili. Ukiwazoesha watoto kufikiri kwa lugha moja na ukawaacha waende kujibu kwa nyingine, utakuwa umewapenda vibaya.

MLETA MADA

Shikamoo mwalimu wangu. Umenigusa panapouma.

Uwanjani tulizungumza Kiswahili, na watoto wenyewe kwa wenyewe wakichanganya na Kisukuma, hasa walipotaniana. Darasani nilitumia Kiingereza kama taratibu zinavyotaka. Nilipouliza swali kwa Kiingereza, nilipata kimya cha adabu, kile kimya ambacho mwalimu mgeni hukichukulia kuwa utulivu. Mtoto aliyejua jibu alikuwa na kazi mbili: kuwaza hesabu na kutafuta maneno, na kwa kuwa kukosea maneno huchekesha darasa kuliko kukosea hesabu, alichagua kunyamaza.

Nilijaribu njia ya kati. Baada ya tukio la kamba, nilipanga vipindi vyangu hivi: dakika kumi za mwanzo ni za kubishana kwa Kiswahili juu ya swali moja tu, lenye jibu ambalo wengi watalikosea. Kisha tunaingia kwenye ubao kwa Kiingereza, na kabla kengele haijalia kila mmoja anaandika sentensi mbili za Kiingereza zinazoeleza alichokuwa anabishania. Sentensi mbili, si zaidi. Wengi walianza kwa kuandika vitu visivyoeleweka. Nilizikusanya, nikasahihisha kosa moja tu kwa kila mtoto, nikazirudisha kesho yake.

Msimamizi kutoka chuoni alikuja siku mojawapo ya hizo. Aliandika kwamba nimetumia lugha isiyo ya kufundishia kwa sehemu kubwa ya kipindi, akapunguza alama, kisha tulipokuwa tukitoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona darasa la Hisabati lenye kelele za namna ile. Sikujua kama ananisifu au ananisema. Nadhani alimaanisha yote mawili.

Ili nisiwadanganye: alama za jaribio la mwisho hazikupanda kwa kiasi cha kujivunia. Binti wa njia ya kwanza alitoka mbili akafika tano. Wengine walibaki walipokuwa. Mabadiliko niliyoyaona yalikuwa kwenye idadi ya mikono iliyonyooshwa, na mikono haiwekwi kwenye ripoti.

Ila lugha peke yake haimalizi fumbo, mwalimu wangu. Kuna suala la kusahihisha. Uwanjani mtoto akikimbia ameinamisha kichwa, nilimwambia pale pale, "Tazama mbele," akarudia, tukaona wote wawili kama imekaa. Sikumwambia kwa mkupuo kuhusu kichwa, mikono, magoti na pumzi. Mwalimu wa michezo alinikataza. Alisema mtu anayekimbia hubeba neno moja tu. Darasani nilikuwa narudisha madaftari baada ya siku sita, yakiwa na mistari myekundu kila ukurasa, kwa mtoto ambaye amekwisha sahau aliwaza nini alipokosea. Katika umri wa miaka ishirini na mitatu nimepitia darasa la saikolojia ya elimu, nimefaulu mtihani wake, na bado nilihitaji filimbi ili nielewe sura ile.

MWANA NYAMAGANA

Mkuu, nipo hapa nafuatilia. Huo mfano wa kamba nimewajaribu wenzangu kazini, wote wamekosa, na mmoja ni mhandisi. Tupe mwingine wa Fizikia.

MLETA MADA

Ndugu yangu, huu nautoa nikiwa nimejishusha.

Tulikuwa na saa mbili za kupimia mbio: moja ya mwalimu wa michezo, ya zamani, na simu yangu. Mwanzishaji alisimama mwanzo wa mita 100, ambazo kwa sababu ya uwanja wetu tulizikimbiza kwenye barabara ya vumbi nyuma ya shule, akapuliza filimbi na papo hapo kushusha kitambaa chekundu. Mimi na mwalimu tulisimama mwisho. Siku tatu mfululizo muda wangu ulikuwa mfupi kuliko wake, kwa robo sekunde hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Nikaamini kwamba mzee vidole vimechoka. Watoto walipenda saa yangu kuliko yake, bila shaka, kwa kuwa kwangu kila mtu alikuwa na kasi zaidi. Kuna mvulana aliyekwenda kujitangaza mtaani kwamba ameshuka chini ya sekunde kumi na mbili.

Siku ya nne mzee aliniuliza, kwa upole unaochoma, "Mwalimu wa Fizikia, wewe unaanza saa kwa kuona au kwa kusikia?" Nilikuwa naanza kwa kusikia filimbi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kuvuka mita 100 huhitaji karibu sekunde 0.3. Nilikuwa nawasha saa wakati watoto wamekwisha ondoka. Yeye alitazama kitambaa, na mwanga kwa umbali ule hauna haja ya kusubiriwa. Ndiyo maana kwenye mashindano yenye bastola, wapima muda wanaotumia saa za mkononi huangalia moshi au mwako, si mlio.

Niliupeleka mkasa huo darasani kama ulivyo, pamoja na aibu yangu. Kidato cha nne walikuwa wanaanza mada ya mawimbi. Tulitoka nje, mwanafunzi mmoja akasimama mbali juu ya mwamba akigonganisha vipande viwili vya mbao juu ya kichwa, nasi tukasimama chini kando ya uzio. Walio wengi waliona mbao zikigusana kwanza, kisha wakasikia. Mvulana mmoja aliyezaliwa kisiwani, na ambaye sikumbuki kama alikuwa amewahi kunyoosha mkono, akasema hilo si jipya kwake: ziwani, mtu akipiga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi ulio mbali, unaona mkono ukirudi juu ndipo unasikia. Alisema wavuvi wote wanajua. Basi tukawa tumepata mfano ambao haumo katika kitabu chochote nilichopewa, na aliyeutoa alikuwa kwenye orodha yangu ya wanafunzi "wazito". Orodha hiyo niliichana siku ile ile.

Mvulana wa chini ya sekunde kumi na mbili nilimwomba radhi. Alipopimwa kwa kitambaa alikuwa juu ya kumi na mbili, na alininunia kwa siku mbili.

MAMA WATATU

Mwalimu, samahani, nina mtoto wa kidato cha pili anayekimbia, na mwaka huu ana upimaji wa taifa. Anarudi nyumbani giza limeingia, amechoka, analala juu ya daftari. Ninyi walimu mnafurahia vikombe, sisi tunabaki na divisheni. Ungekuwa na mtoto wako ungesemaje?

MLETA MADA

Mama yangu, swali lako niliulizwa ana kwa ana. Baba mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alikuja shuleni akiwa na nguo zake za kazi, akanisalimu kwa heshima kuliko nilivyostahili kwa umri wangu, kisha akasema amekuja kumtoa binti yake kwenye riadha. Nilijiandaa kumweleza faida za michezo kwa afya na nidhamu, maneno ambayo kila mgeni rasmi huyasema. Hakunipa nafasi. Alisema hana ugomvi na kukimbia. Ugomvi wake ni saa kumi na mbili na nusu jioni, msichana wa miaka kumi na tano, daladala zilizojaa, na kilima cha kupanda kwa miguu gizani.

Sikuwa na jibu kwa sababu alikuwa na haki. Mazoezi yetu yalianza saa kumi na nusu kwa kuwa ndivyo yalivyokuwa siku zote, na hakuna aliyewahi kuhesabu msichana anayekaa mbali anafika nyumbani saa ngapi. Tulikaa na mwalimu wa michezo na mwalimu wa taaluma. Mbio ndefu na za kati zilihamishiwa asubuhi, wakati wa mchakamchaka, badala ya ule mchakamchaka wa kuimba tu huku wa nyuma wakitembea. Jioni tukabakiza siku mbili kwa wiki, za mbio fupi na kupokezana vijiti, na mwisho saa kumi na moja na nusu, hata kama hatujamaliza. Wasichana wanne waliokuwa wameacha walirudi. Sikuwa nimejua kwamba waliacha kwa sababu hiyo, nilidhani wamechoka.

Kuhusu kulala juu ya daftari, mama, sitakudanganya kwamba michezo huongeza akili. Nimeona watoto ambao mazoezi yaliwachangamsha, na nimeona ambao yaliwamaliza, hasa wanaokuja shuleni bila kunywa hata uji. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto anayekimbia asubuhi kisha akakaa darasani na njaa hadi saa nane hapaswi kulaumiwa kwa kusinzia kwenye Fizikia. Muulize mwalimu wake wa michezo maswali mawili: anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi. Akikosa jibu la pili, una haki ya kumrudisha mwanao nyumbani.

MSTAAFU WA CHAKI

Hilo la muda umelijibu kiume. Sasa niambie kosa lako mwenyewe, maana mpaka sasa umekiri makosa ya saa na kamba, ambayo ni makosa ya hesabu. Nataka kosa la ualimu.

MLETA MADA

Lipo, mzee wangu, na nilitarajia mtu asilifikie.

Jumatano moja, nikiwa msaidizi wa mwalimu wa zamu, wanafunzi kumi na wawili walichelewa namba. Sikutaka kuchapa, na nikajiona mtu wa kisasa: nikawaambia wazunguke uwanja mara kumi. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye hatua ndefu isiyo na kelele, ambaye alimaliza mizunguko yake kumi huku wengine wakiwa kwenye wa saba, na hakuwa akihema. Nilimfuata kwa furaha nikamwambia ajiunge na kikosi. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwalimu," akasema, "adhabu yangu nimemaliza."

Hakuja kamwe. Nilimwita mara tatu, nikamtuma nahodha, nikazungumza na rafiki zake. Kwake kukimbia kulikuwa kitu anachofanyiwa mtu aliyekosa, na mimi ndiye niliyethibitisha. Usiku huo nilipekua daftari langu la maandalizi nikakuta kwamba wiki iliyotangulia nilikuwa nimewapa wapiga kelele wa kidato cha pili maswali ishirini ya ziada ya Hisabati, kama adhabu. Yaani nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikatangaza, kwa kitendo, kwamba somo langu ni la kuwatesa watu. Tangu hapo aliyechelewa alibeba maji ya kumwagilia miti. Miti sikuwa naifundisha.

MWANA NYAMAGANA

Hapo kwa kijana mrefu pameniumiza. Je, wasiokimbia walinufaika na nini? Darasa zima haliwezi kuwa kikosi cha riadha.

MLETA MADA

Swali zuri, kwa sababu kuna hatari ya mwalimu kupenda wenye miguu na kuwasahau wengine. Wengi darasani hawakuwa wanamichezo, na kuna wasichana wawili waliochukia kabisa kutolewa nje juani. Kwao mbio ziliingia kama habari.

Nilianza na Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, aliyemaliza marathoni akichechemea na mguu umefungwa bandeji, nikitegemea macho yatang'aa. Hayakung'aa. Wameisikia habari hiyo kila mahafali na kila ufunguzi wa mashindano, mpaka imekuwa kama wimbo wa paredi. Kilichowashika kilikuwa hesabu. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Nikawaomba wagawanye: ni wastani wa sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Mvulana wetu mwenye kasi kuliko wote, akizunguka uwanja wetu mara mbili, alitumia sekunde 61. Darasa lilikaa kimya lilipotambua kwamba Bayi alikwenda kwa kasi kubwa kuliko hiyo, akirudia umbali huo mara tatu na robo tatu bila kupumzika. Kisha nikawaambia kwamba aliyeshika nafasi ya pili, John Walker wa New Zealand, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun, dakika 3 na sekunde 33.1. Yaani unavunja rekodi ya dunia na bado unashindwa. Walibishana juu ya hilo mpaka kipindi cha mwenzangu kikaanza, na akaja kulalamika.

Mfano wa pili ni wa Alphonce Simbu, Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Nilitaka tu wapate mwendo wa wastani: mita 42,195 kwa sekunde 7,788, karibu mita 5.42 kwa sekunde, na kwa sekunde 0.03 hiyo ni sentimita kumi na sita, urefu wa kalamu kwa kukisia. Nikageuka ubaoni nikiwa nimeridhika. Mmoja wa wale wasichana wawili wasiopenda jua akanyoosha mkono, akaniambia, kwa Kiingereza kilichovunjika lakini kilichofika, kwamba wastani si sahihi: mwishoni walikuwa wanatimka, hawakuwa kwenye mwendo wa wastani, kwa hiyo kalamu yangu ni fupi. Tukakadiria mita 7 kwa sekunde na kupata sentimita ishirini na moja. Tofauti kati ya mwendo wa wastani na mwendo wa papo hapo ilikuwa kwenye azimio langu la kazi, wiki mbili mbele. Nikaifuta.

Niongeze kwa upande wa ziwa letu, kwa kuwa watoto hudhani mabingwa wote wametoka milima ya kaskazini: Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, ni mzaliwa wa Majita, mkoani Mara, ufukweni mwa ziwa hili hili. Medali yake na ile ya Bayi ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, katika michezo hiyo hiyo, hadi leo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki za nchi yetu. Waliponiuliza kwa nini mbili tu, kengele ililia, na nilishukuru.

MAMA WATATU

Nimekusoma mwalimu, nimeuliza maswali yale mawili. La kwanza nimejibiwa. La pili wamesema watakaa kikao. Ahsante. Na matokeo ya kata yalikuwaje?

MLETA MADA

Mama, tulipata nafasi ya kwanza mita 800 wasichana, na binti wa njia ya kwanza alikuwa wa pili mita 200. Kupokezana vijiti tuliangusha. Kosa ni langu: niliwafundisha kupokezana wakiwa wamesimama, kwa sababu wakisimama wanapatia, na kumwona mtu anapatia kunapendeza. Eneo la kupokezana katika mita 100 mara nne ni mita 30 na lazima kijiti kivuke ndani yake watu wote wawili wakiwa kwenye kasi. Siku ya mashindano ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kufanya hivyo wakihema. Nimeona mwanafunzi wa Hisabati akipata tabu ile ile: maswali yote ya mfano anayapata, mradi yamepangwa kwa mada.

MWANA NYAMAGANA

La mwisho mkuu, sitakusumbua tena. Shule ya jirani yangu ina kiwanja cha mpira tu. Naomba vipimo vya ule uwanja wenu wa mita 200, kwa lugha ya mtu asiye na vifaa.

MLETA MADA

Tafuta kamba isiyovutika, mambo mawili ya mbao (yaani vigingi) na vijiwe vingi. Simika mambo katikati ya kiwanja kwa kufuata urefu wake, moja mbali na lingine kwa mita 50. Kata kamba ya mita 15.72, ifunge kwenye mambo la kwanza, zungusha nusu duara upande wa nje, ukiweka kijiwe kila hatua. Fanya hivyo kwenye mambo la pili. Unganisha ncha za nusu duara kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 50. Huo ndio ukingo wa ndani. Mkimbiaji hupimwa akiwa sentimita 20 nje ya ukingo, na hapo ndipo mita 200 zinatimia. Kwa kila njia inayofuata, ongeza kamba mita 1.22. Njia nne zitahitaji eneo la karibu mita 91 kwa 41, ambalo kiwanja cha mpira cha kawaida hukidhi.

Mwanzo wa njia ya pili usogezwe mbele mita 7.67, wa tatu mita 15.33, wa nne mita 23. Kama watakimbia mizunguko miwili bila kutoka kwenye njia zao, zidisha mara mbili.

Pima kamba asubuhi, ikiwa kavu. Yetu ya katani ilinyeshewa ikafupika, na kwa siku mbili tulikimbia uwanja ambao si wa mita 200, bila mtu yeyote kujua isipokuwa yule mzee, ambaye alisubiri nigundue mwenyewe.